Damu Imepungua, Lakini Kipi Hasa Kilichopungua?

Mama mmoja muuza omena wa soko la Kibuye aliketi kwenye benchi la kliniki akasema maneno ambayo kila mhudumu wa afya hapa Kisumu ameyasikia hadi kuyazoea: "Daktari, damu yangu imepungua. Nikiinama kupima omena, nikiinuka naona giza." Mwanafunzi niliyekuwa namsimamia, wa mwaka wa kwanza, koti lake jeupe bado lina mikunjo ya dukani, alimfunga mkanda wa mashine ya presha, akasikiliza, akasoma 118 kwa 76. Akatabasamu. "Damu yako iko sawa kabisa, mama."

Mama alimtazama jinsi unavyomtazama mtu anayekuambia hakuna mvua nawe umelowa chepechepe.

Hakuna aliyesema uongo hapo. Mama alizungumzia jambo moja, kijana akapima jingine, na neno "damu" likawafanya waamini wanaongea kitu kimoja. Kijaluo hakituokoi, kwa sababu remo nayo hubebeshwa mzigo ule ule. Tunasema damu imepungua kwa aliyevuja damu barabarani, kwa mjamzito ambaye maabara imemwandikia 9, na kwa mzee aliyezirai baada ya kuzidisha vidonge vya presha. Mwilini hayo ni mambo matatu. Kuna kiasi, yaani lita ngapi za damu zimo ndani ya mishipa. Kuna ukolezi, yaani katika kila kikombe cha damu hiyo mna himoglobini, protini inayobeba oksijeni, kiasi gani. Na kuna shinikizo, yaani presha, nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za ateri, mishipa inayotoa damu moyoni. Kila kimoja kina kipimo chake, na kimoja kinaweza kushuka huku kingine kikipanda. Ukilielewa hili, sura za kitabu za moyo, damu na figo, ambazo wanafunzi huzikariri kama masomo ya walimu watatu wasiosalimiana, huanza kuongea.

Tuanze jikoni. Pika chai ya rangi, sturungi, ikolee hasa. Mimina nusu yake. Iliyobaki imekuwa nyepesi? Hata kidogo. Rangi ni ile ile na uchungu ni ule ule, ila sufuria sasa ina nusu tu. Ongeza maji hadi ijae tena: hapo ndipo inapofifia. Sasa pika nyingine, uiache mekoni bila kifuniko. Maji yanaondoka na mvuke, chai inapungua na wakati huo huo inazidi kukolea.

Mtu mzima ana takriban mililita 70 za damu kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtu wa kilo 60 ana lita nne na kidogo. Zaidi ya nusu ya damu hiyo ni plazima, maji ya rangi ya majani makavu yenye protini na chumvi. Sehemu inayobaki karibu yote ni chembe nyekundu, na ndani ya chembe hizo mna himoglobini, inayoipa damu rangi yake. Kwenye karatasi ya maabara utaiona imeandikwa Hb, kwa gramu katika desilita. Kipimo hicho kinakuambia chai imekolea vipi. Hakikuambii sufuria ina chai kiasi gani.

Mimi nililijua hilo kwa aibu. Nikiwa bado mwanafunzi, usiku mmoja aliletwa kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori; hospitali yenyewe tuiache. Tumbo lake lilikuwa limekaza, mapigo ya moyo 128 kwa dakika, presha 110 kwa 88. Nilikimbia na sampuli hadi maabara, jibu likarudi: 13.2. Nikamwendea muuguzi wa zamu nikiwa nimechangamka, nikamwambia huyu hajapoteza damu. Yule dada hakunijibu. Alishika kidole cha kijana, akabonyeza ukucha hadi ukawa mweupe, akauachilia, tukahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, ndipo wekundu ukarejea. Kwa mtu mzima mwenye mzunguko mzuri unarejea kabla hujamaliza kusema mbili. "Utapima tena asubuhi," aliniambia, "akiifikia," akaenda kuwaamsha watu wa upasuaji.

Aliifikia. Wengu wake ulikuwa umepasuka. Himoglobini ya asubuhi, baada ya maji ya dripu na kabla ya chupa ya pili ya damu, ilikuwa 7.9.

Tazama kilichotokea. Anayevuja damu hapotezi himoglobini peke yake wala maji peke yake. Anapoteza chai yenyewe, iliyokolea vile vile. Ndiyo maana kipimo cha dakika za mwanzo kinaweza kuwa kizuri kabisa ilhali mtu anaondoka mikononi mwako. Ukolezi hushuka baadaye, saa kwa saa, maji yaliyoko katikati ya seli yanapovutwa kuingia kwenye kapilari, mishipa myembamba kuliko yote, figo zinapogoma kutoa mkojo, na sisi wenyewe tunapomwekea maji. Yaani namba ile hushuka wakati mwili unajaza sufuria.

Na presha je, mbona 110? Hapa wanafunzi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nenda kwa vijana wanaoosha magari ukawatazame na mpira wao. Nguvu ya maji yanayotoka inategemea pampu inasukuma vipi, tangi lina maji kiasi gani, na kidole cha mwoshaji kimeuziba mdomo wa mpira kwa kadiri gani. Maji yakianza kupungua tangini, mwoshaji mjanja hubana mdomo zaidi, na kwa muda mteja hatambui lolote. Mwili nao hufanya hivyo. Kwenye shingo, pale ateri kubwa inapogawanyika kwenda usoni na kwenye ubongo, na kwenye upinde wa aota, ateri kuu itokayo moyoni, kuna neva zinazohisi jinsi kuta za ateri zinavyotanuka. Mtanuko ukipungua, ndani ya sekunde chache ubongo huamuru moyo uende mbio na mishipa midogo ya ngozi, matumbo na misuli ibane. Vena nazo, mishipa inayorudisha damu moyoni, ambazo kwa kawaida ndizo ghala la damu, zikiwa na zaidi ya nusu ya damu yote, hukamuliwa ili zirudishe moyoni kile zilichoweka.

Ndiyo maana mikono ya kijana yule ilikuwa baridi kama samaki wa barafu. Ndiyo maana namba ya chini, 88, ilikuwa imepanda kuikaribia ya juu: kidole kilikuwa kimebana mdomo wa mpira. Kijana mwenye afya anaweza kushikilia presha yake hivyo hadi apoteze karibu asilimia 30 ya damu yote. Kwa mwenye lita tano, hiyo ni lita moja na nusu, chupa tatu za maji zile za nusu lita. Baada ya hapo haishuki polepole, inaporomoka. Anayengoja presha ishuke ndipo aamini kwamba mtu anavuja damu amengoja sana.

Nguvu ya kubana huko hutokana na hesabu moja ambayo ingefaa kubandikwa ukutani: upana wa mshipa ukipungua kwa nusu, ukinzani hauongezeki mara mbili bali mara kumi na sita. Ndiyo sababu viateri vidogo, ambavyo huvioni kwa macho, huamua presha kuliko ateri nene zinazopendeza kuchorwa vitabuni.

Kipindupindu ni ile sufuria iliyoachwa mekoni. Mgonjwa ameharisha ndoo, macho yameingia ndani, presha haisikiki, na maabara inaleta 17. Mwanafunzi anaandika "damu nzuri". Siyo nzuri, imekaushwa. Huyo anahitaji maji na chumvi, kwa mdomo au kwa mshipa, na anayahitaji haraka, wala hana haja ya chupa ya damu. Namba ile itashuka yenyewe, na safari hii kushuka ndiko kupona.

Sasa tugeuze upande wa pili, ambao kwetu Magharibi ya Kenya ndio unaojaza wodi za watoto: kiasi kipo, presha ipo, ukolezi haupo. Malaria ya kimelea cha falsiparamu hupasua chembe nyekundu kila baada ya saa 48 hivi, na wengu, ukishaingiwa na wasiwasi, huanza kuondoa hata zile ambazo hazina vimelea. Mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu, ana chembe zinazoishi siku kumi hadi ishirini badala ya siku 120. Minyoo ya safura hunyonya kidogo kidogo mwaka mzima. Kwa kuwa mambo haya, ya safura hasa, huenda taratibu, plazima hupata muda wa kujaza nafasi. Sufuria imejaa. Chai ndiyo imekuwa maji.

Mtoto wa namna hii akifika na himoglobini ya 4, jamaa zake wakiwa wamemfunika leso, mwanafunzi humvalisha kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni na kusoma 98. Anachanganyikiwa, kwa maana mtoto anahema kama aliyekimbia. Hapa nawapeleka kwenye stendi ya tuktuk. Molekuli moja ya himoglobini ina nafasi nne za oksijeni, na sote tunajua kwamba tuktuk ya Kisumu, ingawa imeandikiwa abiria watatu, hubeba wanne, wa nne kando ya dereva. (Hata tabia ni ile ile: abiria wa kwanza husita kupanda tuktuk tupu, akishaketi wengine hufuata upesi. Himoglobini nayo ikishashika oksijeni ya kwanza huzishika zinazofuata kwa urahisi zaidi.) Kifaa cha kidoleni kinahesabu viti vilivyokaliwa kati ya viti vilivyopo. Kikisema 98, kinamaanisha tuktuk zinazopita zimejaa. Hakisemi ni tuktuk ngapi zilizopo barabarani. Gramu moja ya himoglobini hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Kwa hiyo damu yenye 15 hubeba karibu mililita 20 katika kila mililita 100, na yenye 4 hubeba tano na kidogo. Robo. Tuktuk zote zimejaa na bado kule Ahero watu wamekwama stendi.

Moyo hufanya nini? Huzizungusha hizo chache kwa kasi. Kwa mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita tano kwa dakika. Mwenye upungufu mkubwa wa damu anaweza kufika mara mbili ya hapo. Damu nyepesi hutiririka kwa urahisi na mishipa hutanuka kuipisha, kwa hiyo presha haipandi, pengine namba ya chini hata inashuka. Mtu anaweza kuishi hivyo miezi kadhaa, akichota maji na kulima, mpaka siku moja homa ndogo inamwangusha.

Hapo pia ndipo kumwaga maji ovyo kunapodhuru. Mtoto ambaye sufuria yake imejaa hashukuru ukimwongezea maji. Unaizidisha chai wepesi na kuubebesha mzigo moyo ambao tayari unakimbia. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao FEAST, uliofanywa kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, mojawapo ikiwa Mbale, ng'ambo tu ya Mlima Elgon. Waliomiminiwa maji ya mshipa kwa kasi walifariki zaidi ndani ya saa 48, kama asilimia 10.5, kuliko asilimia 7.3 ya wale waliowekewa maji taratibu. Wengi wa watoto hao walikuwa na malaria na upungufu wa damu. Waliokuwa wakiharisha hawakuingizwa kwenye utafiti, na kwa sababu ya maana: hao kweli wamepoteza kiasi. Sifikirii kuna somo linaloonyesha kwa uchungu zaidi kwamba kiasi na ukolezi si kitu kimoja.

Wajawazito nitawapitia haraka. Plazima yao huongezeka kwa karibu nusu, na chembe nyekundu kwa robo hivi. Zote zimeongezeka, ila maji yameshinda mbio, kwa hiyo ukolezi unashuka. Ndiyo maana mama mjamzito haambiwi ana upungufu mpaka ashuke chini ya 11, ilhali asiye mjamzito ni 12 na mwanaume ni 13. Presha yake pia hushuka kidogo katikati ya mimba. Ana damu nyingi kuliko wakati wowote maishani mwake, na watu wanamwambia damu imepungua.

Mambo haya matatu yanakutana wapi? Wengi hunijibu moyoni. Mimi naona ni kwenye figo.

Kiasi: figo ndizo zinazoamua chumvi na maji yabaki au yatoke. Shinikizo: figo zikihisi damu inafika kwa unyonge hutoa renini, ambayo huanzisha mlolongo unaobana mishipa na kuzuia chumvi isipotee. Ukolezi: ndani ya figo kuna seli zinazoonja oksijeni, na ikipungua humwaga homoni ya erithropoetini, ambayo husafiri hadi kwenye uboho wa mifupa na kuuambia utengeneze chembe nyekundu zaidi. Uboho wa mtu mzima hutengeneza takriban milioni mbili kila sekunde hata bila haraka. Jinsi seli zinavyoonja oksijeni ndiko kulikowapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza tuzo ya Nobel ya mwaka 2019. Hapa Kisumu tuko mita 1,131 hivi juu ya bahari; panda hadi Iten, karibu mita 2,400, hewa inakuwa nyembamba na figo zinaona. Baada ya wiki kadhaa damu ya mtu imekolea zaidi. Wakimbiaji wanajua, hata ambao hawajawahi kusikia neno erithropoetini.

Sasa mtazame mgonjwa ambaye figo zimekufa, anayekuja kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Miguu imevimba: kiasi kimezidi. Presha 180 kwa 110: shinikizo limezidi. Himoglobini 6.8: ukolezi umeanguka. Mwambie ndugu yake kwamba mgonjwa ana presha ya juu na damu kidogo kwa pamoja, atadhani unamchezea. Mgonjwa huyo mmoja huwafundisha wanafunzi wangu kuliko wiki nzima ya ubao.

Imebaki bitruti. Kila kona ya mji huu kuna anayeiuza ikiwa juisi ya "kuongeza damu", na kosa lake kubwa ni rangi yake. Wekundu ule si chuma wala si himoglobini. Ni rangi ya mmea tu. Gramu mia za bitruti zina chuma kisichofika miligramu moja, na katika hicho mwili hunyakua sehemu ndogo. Lakini bitruti ina naitreti nyingi, ambayo bakteria wa mdomoni huanza kuigeuza, na mwishowe mwilini inakuwa gesi inayolegeza mishipa na kushusha presha kidogo. Kwa hiyo anayeinywa kwa sababu "presha imeshuka" anajishusha zaidi, na anayeinywa kwa sababu ukolezi umeshuka hapati kitu. Anayefaidika ni mwenye presha ya juu, ambaye hakuambiwa.

Nilimwambia mwanafunzi arudi kwa mama wa omena aanze upya. Akavuta chini ukope wa jicho: ndani palikuwa peupe kama karatasi. Akalinganisha viganja vyake na vya mama. Kisha akauliza swali alilopaswa kuuliza mwanzo, na mama, baada ya kutazama kama kuna mwanaume karibu, akasema hedhi yake siku hizi inachukua siku tisa na leso haitoshi. Mililita moja ya damu iliyokolea vizuri huondoka na karibu nusu miligramu ya chuma, na matumbo hufyonza miligramu moja au mbili tu kwa siku. Piga hesabu ya siku tisa. Himoglobini ilikuwa 7.6.

Aliandikiwa vidonge vya chuma na kupelekwa kwa wanaoshughulikia uzazi ili chanzo kitafutwe. Akauliza kama bitruti aendelee.

"Ukiipenda kunywa, mama, lakini si dawa ya damu. Omena unayouza ina chuma kuliko hiyo juisi. Na ukila mboga za managu, kamulia ndimu."

"Na chai? Mimi chakula bila chai hakishuki."

Kijana alinitazama, mimi nikatazama dirisha. "Chai inakizuia chuma kisiingie," akasema. "Usiiache. Ila kunywa saa moja baada ya chakula, na dawa uimeze kwa maji."

"Saa nzima? Si itapoa?"

"Iweke kwa thamosi, mama."